Uliza Ujibiwe: GPA yake nzuri, ila hiyo C imekaa pabaya

Wasomaji wangu, mwezi huu barua nyingi zimekuja na swali lile lile kwa sura tofauti. Mtu kaanza kusoma chuo fulani anataka kuhamia kingine, jumla ya maksi zake haina shida, ila kuna somo moja au mawili ya msingi hayakukaa vizuri na ndo yanamnyima usingizi. Nimechukua nne. Ya kwanza ntaikalia sana, maana huyu mama wa Moshi kaandika kwa mkono kurasa nne akampa dereva wa Noah aniletee huku Arusha, na mtu wa hivyo huwezi kumjibu kwa mistari mitano.

MAMA WA KIBORILONI, MOSHI

"Dada yangu habari za kazi na za nyumbani. Mimi nina duka la madaftari na sare za shule hapa Kiboriloni. Kijana wangu mkubwa yuko Marekani, California, amemaliza mwaka wa kwanza kwenye zile komyuniti koleji za miaka miwili. Tulichagua huko kwa sababu ada yake ni nafuu kuliko chuo kikuu na tuliambiwa akisoma miaka miwili pale anahamia chuo kikuu kumalizia miwili iliyobaki. Anataka uhandisi wa kompyuta. Wiki mbili zilizopita kapiga simu saa nane usiku analia, mtoto wa kiume ana miaka 20 analia kabisa, anasema kapata C kwenye Kalkulasi ya pili na wenzake wamemwambia chuo kikuu asahau. Nikamuuliza mbona GPA yako ni 3.5 kati ya 4, si ni nzuri hiyo? Akasema mama we huelewi. Na kweli dada sielewi. Baba yake anasema alirudie hilo somo mpaka apate A. Shangazi yake yuko Dallas anasema alifute tu lisionekane. Mimi nimekaa katikati na tumeshakodisha shamba la kahawa kwa ajili ya ada yake. Naomba unieleze kama unamweleza mtoto, C ni kufeli? Na nani yuko sahihi, baba au shangazi?"

Mama, pole kwanza kwa ile simu ya saa nane usiku. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nakujibu moja kwa moja: C sio kufeli, mlango haujafungwa, na kwa bahati mbaya baba na shangazi wote wamekosea.

Chuo anachokitaka nadhani ni Chuo Kikuu cha California, wenyewe wanakiita UC, kina kampasi 9 zinazochukua wanafunzi wa digrii ya kwanza. Ili mwanafunzi wa koleji ya miaka miwili akubaliwe tu kuomba kuhamia pale anatakiwa afikishe yuniti 60 za semista zinazohamishika (yuniti ni kipimo cha uzito wa kozi), awe na kozi 7 za lazima, yaani mbili za uandishi wa Kiingereza, moja ya hesabu na nne kutoka fani nyingine, na kila moja ya hizo 7 asishuke chini ya C. Halafu GPA, yaani wastani wa gredi zake zote, kwa mkazi wa California ni 2.4 na kwa asiye mkazi, kama kijana wetu, ni 2.8. Sasa yeye ana 3.5 na gredi yake ya chini kabisa ni C. Kwa vigezo hivyo yuko ndani. Na UC inawapa kipaumbele wanaotoka koleji za miaka miwili za hapo hapo California kuliko wanaohamia kutoka kwingine, kwa hiyo mlichagua njia nzuri, wala msijilaumu.

Ila hicho ni kizingiti tu. Ukishavuka kizingiti unakuta sebule imejaa watu, hasa kwenye uhandisi na kompyuta ambako waombaji ni wengi mno kuliko viti, na hapo ndo ile C inaanza kuongea. Kijana alikuwa anajaribu kukwambia hivyo akashindwa kwa sababu ya machozi.

Chukua kalamu mama, ile ya dukani, tupige hesabu pamoja. Kule A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri, na kila kozi unazidisha pointi kwa yuniti zake. Tuseme kasoma yuniti 32 kwa mwaka. Kozi tangulizi za uhandisi ziko nne za yuniti nne nne: Kalkulasi ya kwanza B, Kalkulasi ya pili C, Fizikia B, Programu za kompyuta A. Hizo ni 12 na 8 na 12 na 16, jumla 48, gawa kwa 16 unapata 3.0. Zilizobaki yuniti 16, Kiingereza na historia na saikolojia na nyingine kama hizo, zote A, hiyo ni 64. Jumlisha 48 na 64 ni 112, gawa kwa 32 unapata 3.5. Umeona? GPA ni 3.5 na wala hajadanganya, ila ukitoa yale masomo mengine ukabaki na yale yanayombeba kwenda kwenye uhandisi ni 3.0. Mtu wa udahili wa uhandisi anaziona namba zote mbili, na ile ya pili ndo anakaa nayo muda mrefu. A ya historia ni nzuri na inapandisha jumla lakini haimwambii kama huyu kijana atamudu saketi za umeme.

Na usidhani ni roho mbaya. Anayehamia kule hapiti mwaka wa kwanza wala wa pili wa chuo kikuu, anashuka moja kwa moja mwaka wa tatu na siku ya kwanza tu mwalimu anaandika ubaoni akijua kila mtu humo ndani ana Kalkulasi ya pili kichwani, ile ya intigresheni na mifululizo, maana juu yake ndo inakuja Kalkulasi ya tatu, milinganyo tofautishi, fizikia ya umeme, vyote vinapanda mgongoni kwake kama ghorofa. Waliokuwepo tangu mwanzo walipata miaka miwili ya kuzoea, yeye anapata wiki mbili. Kwa hiyo wanapochungulia hizo gredi wanajiuliza tukimchukua atabaki au tutamuumiza bure.

Sasa baba. Mwambie kwa upole, maana kaongea kwa uchungu wa ada. Kule kurudia kozi kwa kawaida ni kwa aliyepata D au F. Aliyepata C anahesabiwa kafaulu, koleji yenyewe haimruhusu kuirudia hivi hivi, na hata akienda koleji ya jirani akajiandikisha upya kimya kimya, UC hawatahesabu ile gredi mpya, wanachukua C ile ile ya mwanzo. Atakuwa kapoteza hela na semista. Na asije akafikiria kuficha, fomu inamtaka ataje kila chuo alichosoma na kila gredi, na akishakubaliwa transkripti rasmi, yaani orodha ya gredi zake kutoka chuoni, zinatumwa zinalinganishwa na alichojaza. Kikikutwa kitu tofauti nafasi inafutwa, hata kama alishafungasha begi.

Shangazi wa Dallas naye anachanganya na ile W, ya kujitoa kwenye kozi kabla ya tarehe ya mwisho. W haiingii kwenye GPA, ni kweli, lakini unaichukua katikati ya semista, gredi ikishatoka imetoka. Nimeitaja hapa kwa sababu moja kubwa. Kijana yuko na viza ya mwanafunzi na sheria yake inamtaka asome muda wote, maana yake yuniti 12 kwa semista, akijitoa kozi akabaki na 9 bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni anaharibu hadhi ya viza, na hilo ni tatizo kubwa kuliko C mia. Siku akiona kozi inamzidi aende kwanza ile ofisi, asisikilize wenzake wa bwenini.

Kwa hiyo afanyeje? Kwanza aache kuitazama ile C. Haiwezi kusogea. Kinachosogea ni kinachofuata, na mama hapa ndo nataka umshike mkono. Semista inayoanza Agosti atakuwa na Kalkulasi ya tatu na Fizikia ya pili, tuseme nazo yuniti nne nne. Akipata A zote mbili inaongezeka 32 kwenye ile 48, inakuwa 80, gawa kwa yuniti 24, ile 3.0 inakuwa 3.33. Akipata B zote mbili inabaki pale pale 3.0. Lakini hata zaidi ya namba kuna hadithi yake, kwamba mtu aliyeteleza Kalkulasi ya pili halafu akapata A kwenye ya tatu, ambayo inasimama juu ya ile ya pili, huyo ameshajibu swali lao bila kufungua mdomo. Akipata C nyingine, basi nayo ni jibu.

Ili apate hiyo A asijaze ratiba. Najua mnataka amalize haraka, shamba liko kwa watu, lakini Kalkulasi na Fizikia na Kemia na kazi ya masaa 20 kwenye semista moja ndo inayowaua wengi. Hizo koleji zina vituo vya kusaidiana masomo bure na kila mwalimu ana saa za ofisi, vijana wetu wa Kitanzania wengi hawaendi, wanaona aibu, tumelelewa kwamba ukienda ofisini kwa mwalimu umeitwa una kesi. Mwambie kule ni kawaida kabisa, aende kila wiki hata kama ana swali dogo.

Pili, aingie kwenye tovuti ya ASSIST. Hiyo ndo sehemu rasmi inayoonyesha kozi ya koleji yake inalingana na kozi gani ya kampasi anayoitaka na ni zipi za lazima kwa uhandisi wa kompyuta. Usiamini rafiki, usiamini hata mimi, kila kampasi ina orodha yake, na kozi moja tangulizi ikikosekana inaweza kumuumiza kuliko C, maana C angalau ipo. Nyingi wanataka ziwe zimeisha kabla ya kiangazi cha kuhamia, ahesabu nyuma kuanzia hapo.

Tatu, kuna kampasi 6 zina mpango wa kuhakikishiwa nafasi, wanauita TAG: Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz. Unachagua moja tu, unajaza kati ya Septemba 1 na 30, na ukitimiza masharti ya kampasi hiyo nafasi ni yako. Masharti yenyewe yanatofautiana, GPA kila kampasi na yake, na baadhi ya fani za uhandisi na kompyuta hazimo au zina gredi zake kali kwa kozi tangulizi, kwa hiyo ayasome mapema, Septemba iko karibu. Berkeley, Los Angeles na San Diego hazina mpango huo. Naomba kijana asiweke roho yake yote kwenye hizo tatu eti kwa sababu ndo jina mnalolisikia huku. Fomu ya kawaida inafunguka Agosti 1 aanze kuijaza, kuituma ni kuanzia Oktoba 1 mpaka karibu na mwisho wa Novemba, fomu moja kwa kampasi zote, aombe hata tano. Januari wanamfungulia tena ajaze gredi za semista iliyoisha, na hiyo ndo siku A yake ya Kalkulasi ya tatu inaingia mezani, asiisahau.

Na kwenye fomu kuna swali la lazima kwa wanaohamia, linauliza umejiandaaje kwa fani unayoitaka, maneno 350. Hapo anaweza kuitaja C kwa sentensi moja au mbili, nini kilitokea na alibadilisha nini, halafu aendelee na kazi alizozifanya. Asijitetee aya nzima.

Ukimpigia simu Jumapili usimuulize GPA ngapi mama. Muulize Kalkulasi ya tatu anasoma na nani, na kama ameshaenda ofisini kwa mwalimu.

KIJANA WA SAKINA, ARUSHA

"Shikamoo dada. Niko mwaka wa kwanza chuo kimoja Dar nasoma uhasibu. Mama yangu anaumwa huku Arusha na mi ndo mkubwa, nataka nihamie chuo cha huku nisome nikiwa nyumbani. Shida semista ya kwanza nimekamata supu mbili, Hesabu za Biashara na Uchumi. Form six nilisoma EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hesabu, nikapata C, D, D. Je wataangalia supu zangu au wataangalia form six?"

Marahaba mdogo wangu, na mama apate nafuu.

Inategemea unahama na nini mkononi. Ukihama bila kudai chochote ulichosoma, yaani uanze upya mwaka wa kwanza, wanaangalia sifa za kuingilia. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa waliomaliza form six kuanzia 2016 inahesabu A 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na kima cha chini ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili uliyofaulu kwa A mpaka E, zenye jumla ya pointi 4. We ukichukua C na D tu tayari una 5, umevuka. Ila kila programu ina masharti yake juu ya hapo, masomo gani na kwa kiwango gani, na chuo unachoenda lazima kiwe na nafasi. Uhamisho una dirisha lake na unapita kwenye vyuo na TCU, sio kujipeleka na begi, fuatilia tarehe kwenye tovuti ya TCU na ofisi ya udahili ya chuo unachokitaka.

Ukitaka kuhama na kredi zako, hapo supu, yaani hiyo mitihani ya marudio, zinaingia moja kwa moja. Wataweka kozi zako mezani moja moja wazilinganishe na za kwao. Kozi uliyofeli haihamishiki, haina cha kuhamisha. Kwa hiyo kabla ya barua yoyote futa hizo supu mbili, na ujue vyuo vingi ukifaulu kwa supu unaandikiwa C hata kama ungepata maksi 80, ambayo kwa mfumo wetu wa pointi 5 ni pointi 2. Zikigeuka keri, yaani kozi unayoibeba kuisoma tena mwaka unaofuata, ni mbaya zaidi maana unahama na deni, na Hesabu za Biashara na Uchumi kwenye uhasibu ndo mguu wa kulia na wa kushoto, anayekupokea ataziangalia hizo kabla ya kozi ya mawasiliano hata kama ulipata B+.

Na omba maelezo ya kozi, kozi autilaini yenyewe yenye mada na masaa, igongwe muhuri. Hili naliongea kwa uchungu wangu. Zamani nami nilihama chuo, nikaenda na transkripti tu, nilikuwa nimefaulu Takwimu vizuri kabisa, chuo nilichokwenda wakaniambia jina la kozi halitoshi hatujui ulifundishwa nini, na chuo nilichotoka walinizungusha miezi mitatu kunipa karatasi mbili za maelezo. Nikairudia Takwimu yote darasani na watu walionizidi kelele. Kredi moja kwetu ni kama masaa 10 ya kazi ya mwanafunzi, mwaka mzima ni kredi 120, digrii ya miaka mitatu 360, sasa fikiria kozi tatu zikikataliwa umepoteza masaa mangapi kwa kukosa muhuri.

Kama una bumu, waambie Bodi ya Mikopo na maofisa mikopo wa vyuo vyote viwili mapema kabla hujasogea.

Neno moja kutoka moyoni. Kama sababu pekee ni mama, uliza kwanza kuhusu kuahirisha masomo. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha semista au mwaka kwa sababu ya msingi na vyeti vya hospitali vinasaidia. Unaweza kukaa na mama ukarudi nafasi yako ikiwepo, badala ya kuhama kwa haraka na supu mbili mgongoni ukajikuta unaanza moja. Sisemi usihame. Nasema uyaweke yote mawili mezani muyaangalie na mama, hata yeye ana la kusema.

DADA WA SOMBETINI, ARUSHA

"Mimi nina diploma, NTA level 6, GPA 2.9. Cheti kimeandikwa lower second. Nimeomba digrii mara mbili nimekataliwa, kwani sijafaulu?"

Umefaulu mdogo wangu, na usiruhusu mtu akwambie vinginevyo. Shida ni kwamba mstari wa kufaulu na mstari wa kuingia digrii sio mmoja. Lower second inaanzia 2.7 mpaka 3.4, ila kuingia digrii kwa njia ya diploma TCU inataka angalau GPA 3.0 pamoja na pasi nne za form four. Umekosa kwa nukta moja, inauma kweli, najua.

Njia iliyopo bila kurudia diploma nzima ni programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, wanaiita OFP, na kwa sababu diploma yako imezidi GPA 2.0 una sifa ya kuingia. Soma hapa taratibu kwa sababu ndo watu wanapokosea: wakishamaliza wanatakiwa wapate GPA 3.0 kutoka masomo sita ya msingi, na juu yake angalau C kwenye masomo matatu ya kundi lao, iwe sayansi, sanaa au biashara. Nimeona mtu amefikisha 3.0 vizuri tu kwa kubebwa na masomo ya jumla, halafu kwenye yale matatu ya kundi lake ana D moja, akakwama kwa hiyo D. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza jua matatu yako ni yapi na uyasome hayo kwanza, mengine yafuate. Na chagua kundi kwa kuangalia digrii unayoitaka.

UJUMBE MFUPI KUTOKA MAJENGO, MOSHI

"Mdogo wangu yuko Texas anataka kuhamia digrii ya uuguzi. Alisoma Anatomia na Kemia zamani kabla hajaolewa, alipata B. Zinafaa bado?"

Aulize kabla hajalipa hela ya maombi. Programu nyingi za uuguzi Marekani zinahesabu GPA ya sayansi peke yake, Anatomia, Fiziolojia, Maikrobiolojia, Kemia, mbali na GPA ya jumla, na nyingi zinaweka umri kwa hayo masomo, mara nyingi miaka mitano au saba, ikipita wanataka uyasome upya hata kama ulipata A. Nyingi pia zina mtihani wa kuingilia kama TEAS. Aandike barua pepe kwa kila chuo aulize mambo mawili tu, masomo ya sayansi yanaisha muda baada ya miaka mingapi, na mtu akirudia wanachukua gredi mpya au wastani wa zote mbili, maana hilo la pili vyuo havifanani kabisa. Majibu ayatunze kwa maandishi. Kama atalazimika kusoma Anatomia upya asiumie sana, miaka imepita na ataihitaji wodini, ila asiisome sambamba na Maikrobiolojia akiwa na mtoto mdogo nyumbani.